Bei ya Karatasi

Bei ya nyumba tuliipatana asubuhi moja, mimi na mwenye nyumba wangu, tukiwa tumekaa uani tunachambua mchele. Nilikuwa mpangaji wake tangu serikali iliponileta Mafia kufanya kazi ya ukunga. Miaka yote hiyo niliishi katika vyumba viwili vya nyuma vya nyumba yake hapo Kilindoni, naye akiishi mbele. Siku hiyo bi mkubwa aliniambia kuwa amechoshwa na mji, anataka kurudi kwao Bwejuu, kisiwa cha jirani, akaishi na mdogo wake wa kike.

"Nyumba hii nimeijenga kwa pesa ya mwani," alisema. "Magoti yangu haya yameishia kwenye maji ya chumvi. Sitaki kumwuzia mtu nisiyemjua. Nunua wewe, nesi."

Akataja bei. Nikamwomba apunguze kidogo, akapunguza kidogo, nikasema sawa. Akainua mikono akaomba dua fupi, nami Mkristo nikaitikia amina, tukaendelea kuchambua mchele. Nilidhani kazi kubwa imekwisha.

Nilikuwa na akiba yangu, na chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi kilikubali kunikopesha kilichopungua. Nilipopiga hesabu niliona nitabakiwa hata na kitu cha kununulia tangi la maji. Kazini nilimweleza mhasibu wetu, mtu wa bara kama mimi, jinsi tulivyoelewana. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada, nyumba hainunuliwi kwa amina," aliniambia. "Tafuta wakili. Watu wameuziwa nyumba za watu, wakalia wakanyamaza."

Mwenyewe akanielekeza kwa wakili wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa akija kisiwani mara kwa mara na kupokea wateja katika chumba cha kupanga nyuma ya maduka ya sokoni. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye sauti ya upole, shati limepigwa pasi hata mikono. Nilipoingia aliinuka, akanivutia kiti. Nilimpenda papo hapo. Nikamweleza nyumba ilipo, nani mwenyewe, na kwamba hati miliki ipo na imeandikwa jina la bi mkubwa.

"Sasa wakili," nikamwuliza, "kuanzia leo mpaka hati iandikwe jina langu, nitatoa kiasi gani kwa jumla?"

"Mama, usiwe na wasiwasi. Ada yangu ni sehemu ndogo tu ya bei ya nyumba." Akaitaja. Haikuwa ndogo, lakini nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu.

"Na hiyo ndiyo yote?"

"Kuna vitu vidogo vidogo vya serikali. Tutaviona kadiri tunavyokwenda."

Nikalipa nusu ya ada siku ileile. Nilitoka pale nikiamini kwamba ada ya wakili ndiyo mfuko mkubwa, na ndani yake mmekaa kila kitu: safari, karatasi, mihuri, kufuata ofisini. Hivyo ndivyo akili ya kawaida inavyokwambia. Ukimlipa fundi akutengenezee mlango, humlipi tena kwa kushika nyundo.

Simu ya kwanza ilikuja kabla hata sijaizoea furaha. Wakili alitaka pesa za upekuzi, yaani kwenda kuangalia kwenye daftari la serikali kama kweli nyumba ni ya bi mkubwa na haijawekwa rehani benki. Nikasema hilo ni jambo la maana, nikatuma. Baada ya upekuzi akataka pesa za ufuatiliaji. Nikamwuliza anafuatilia nini. Akasema, "Majibu ya upekuzi." Nikauliza kama upekuzi si ndio huo kufuatilia. Akacheka kwa upole, kama mtu anayemchekea mtoto wa dada yake, akasema, "Mama, mambo ya ofisi hayaendi yenyewe."

Nikatuma tena.

Kisha akaja mthamini. Nilielezwa kwamba uhamisho wa miliki haufanyiki mpaka mtaalamu apime thamani ya nyumba, na kwamba mtaalamu huyo hulipwa na mnunuzi, pamoja na nauli ya kuja na pahala pa kulala. Alikuja kijana mmoja mwenye miwani ya jua, akazunguka nyumba, akagonga ukuta kwa kidole, akapiga picha choo, akanywa dafu la bi mkubwa na kuondoka. Majuma kadhaa baadaye wakili akanipigia kunijulisha kwamba thamani ya nyumba imeonekana kuwa kubwa kuliko bei tuliyopatana.

"Basi nimenunua kwa bei nzuri," nikasema.

"Ndiyo. Ila ushuru wa stempu na kodi vitakwenda kwa hiyo thamani ya mthamini, si kwa bei yenu."

Nilikuwa wodini, nimeshika simu kwa bega, mikono ina maji. Nikamwambia subiri. Nikafuta mikono, nikatoka nje.

"Yaani nilipe kodi ya pesa ambazo sikuzitoa, na bi mkubwa hakuzipokea?"

"Ndivyo utaratibu ulivyo, mama."

"Na wewe ulilijua hili siku ile ya kwanza?"

"Inategemea na nyumba," akasema.

Sijawahi kuichukia sentensi kama nilivyoichukia hiyo. Mama mjamzito akiniuliza atajifungua lini, nami najua sijui, lakini humwambia mwezi. Humwambia dalili. Humwambia aandae kanga na beseni. Simwambii inategemea na tumbo, nikamwacha aende zake.

Zikafuata karatasi za viapo. Jina la bi mkubwa kwenye hati lilikuwa limeandikwa kwa tahajia moja na kwenye kitambulisho cha taifa kwa tahajia nyingine, kwa hiyo ilibidi aape mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja. Halafu, kwa kuwa sheria inataka mke au mume wa mwuzaji aridhie, ilibidi aape pia kwamba hana mume. Kila kiapo kilikuwa na ada yake. Nikasema nitalipa mimi, kumwondolea bi mkubwa usumbufu, nikamfikishia habari tu.

Bi mkubwa alikuwa anakuna nazi. Akaacha.

"Niape kuwa mume wangu amekufa?"

"Ndiyo, bibi. Ni karatasi tu."

"Watu wa mji huu wote walimzika. Imamu yupo hai. Kaburi lipo, naweza kumpeleka huyo wakili akalitazame. Niape kwa nani, na kwa nini pawe na malipo?" Akarudi kuikuna ile nazi kwa nguvu mpaka chicha ikaruka nje ya sinia. "Kufa alikufa bure, kuapa kuwa amekufa ndio kuna bei."

Hatimaye aliapa, wakili alipokuja. Lakini kuanzia siku hiyo nilimwona anabadilika. Na kilichotutenganisha kabisa kilikuwa kile wakili alichokiita kodi ya mwuzaji, kwa faida anayopata mtu akiuza nyumba. Hiyo, alisema, kisheria ni ya bi mkubwa. Akanituma nimweleze. Mimi! Nilikuwa namlipa yeye, halafu mimi ndiye wa kubeba ujumbe.

Nilimweleza jioni, barazani kwake, kwa maneno laini niliyoweza kuyapata. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilipatana bei na wewe," alisema. "Sikupatana na serikali."

"Najua, bibi."

"Nilikwambia bei. Ukasema nipunguze, nikapunguza. Sasa unakuja kuipunguza mara ya pili kwa mlango wa nyuma."

"Si mimi, bibi. Ni kodi."

"Anayenijia kunidai ni wewe," akasema, akaingia ndani.

Mkate wa kumimina aliokuwa akiniletea kila Ijumaa ukakoma. Asubuhi nilipompa shikamoo aliitikia marahaba bila kuniangalia, na hiyo marahaba ilikuwa kavu kama mfupa wa ngisi. Kisimani wanawake walianza kunyamaza nikikaribia. Jirani mmoja, ambaye nilimzalisha wanawe wote, aliniuliza usoni kama ni kweli nataka kumdhulumu yule bibi. Nilirudi ndani nikakaa kitandani na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilikuwa nimeshatoa pesa mpaka za tangi la maji na zaidi, nyumba sijaipata, na mtu aliyekuwa kama mama yangu katika kisiwa hiki alikuwa ananiona mwizi. Nilifikiria kuacha. Nikampigia wakili kumwuliza ikiwa nitaacha nitarudishiwa nini. Akajibu kwa sauti ileile ya pasi kwamba ada iliyokwisha kulipwa hairudi.

Nilimwendea bi mkubwa Jumamosi moja nikiwa sina zamu. Sikuwa na mpango wowote ila kumwambia kwamba nimechoka, na kama anaona bora amwuzie mtu mwingine, amwuzie. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye gunia. Alinitazama, nadhani aliona uso wangu, akanisogezea kigoda.

"Kaa. Hata mimi sina raha," alisema. "Minazi yangu kule shamba nimeiweka rehani. Mavuno yote atachukua mtu mwingine mpaka nimlipe. Mtu mzima kama mimi, sikuwahi kuweka rehani hata kanga."

"Kwa ajili ya nini, bibi?"

"Ya kumlipa wakili."

Nikafikiri sikusikia vizuri. "Wakili gani?"

"Wakili wako. Aliponiita kule sokoni kuapa, aliniambia kila upande una malipo yake. Upande wa mwuzaji una ada, na vile viapo vina ada. Nikasema mimi sina. Akasema basi nyumba haiuziki."

"Bibi, viapo nililipa mimi."

Akaniangalia.

"Nililipa vyote viwili," nikasema. "Na ada yake alisema ni ya kazi yote."

"Mimi nilidhani umeniachia mzigo wangu, umebeba wako," alisema polepole. "Nikasema moyoni, huyu nesi kumbe ndivyo alivyo."

Kisha akalifunga lile gunia kwa kamba, akafunga fundo kwa meno, akasema, "Anakuja lini huyo?"

Alikuja juma lililofuata, kwa sababu mkataba wa mauziano ulikuwa tayari kutiwa sahihi. Tulikwenda pamoja, bi mkubwa amevaa buibui lake la kwendea harusini. Alikataa bodaboda, alisema anataka kutembea ili afike akiwa ameshapanga maneno yake. Wakili aliinuka kama kawaida, akatuvutia viti, akaweka mkataba mezani.

Bi mkubwa akautazama, akafungua kurasa, akarudi wa kwanza.

"Hii ni lugha gani?"

"Kiingereza, bibi. Mikataba mingi tunaiandika hivyo. Wewe tia sahihi hapa chini na hapa."

"Mimi najua kusoma," bi mkubwa alisema. "Nimesoma shule, nasoma na msahafu. Hii sijui. Nataka niisome kwa lugha yangu."

"Tunaweza kutafsiri," wakili akasema. "Ila tafsiri ina ada yake."

Katika kazi yangu nimefundishwa kutopandisha sauti, kwa sababu ukiipandisha wewe na mgonjwa naye huipandisha. Siku ile niliipandisha mpaka muuza duka wa mbele akachungulia.

"Ada ya nini tena? Ya kumwambia mtu anauza nini? Umechukua ada kwangu. Umechukua ada kwake. Umechukua pesa ya viapo kwangu, ukachukua pesa ya viapo hivyohivyo kwake. Wewe ni wakili wa nani?"

Alitoa kitambaa akafuta kiganja chake.

"Mama, tuelewane. Ni kawaida wakili kusimamia pande zote mbili. Inarahisisha."

"Inarahisisha nini? Sisi hatukuwa na ugomvi mpaka uliporahisisha!"

"Mimi pia nina gharama. Ndege hainibebi bure. Chumba hiki nalipia, na Dar ofisi nalipia. Mnaona naja hapa kwa shati, mnadhani nina pesa."

Hilo niliamini. Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilowahi kuniambia, na ajabu ni kwamba lilinipunguza ukali kidogo. Bi mkubwa hakupungua.

"Mwanangu," alimwambia, "ningejua shida yako ningekupa mnazi mmoja kwa mapenzi. Lakini umenichukulia yote kwa kunitisha. Sasa keti, utuelezee. Pesa ya serikali ni ipi, na yako ni ipi, na ile isiyo ya mtu ni ipi. Sisi hatuondoki."

Akaeleza. Ilichukua mchana mzima na ndipo kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa nakilipia. Ada ya wakili ni ya kichwa chake na sahihi yake: kuandika mkataba na kusimama kuwa shahidi wa kile tulichokubaliana. Si ya kitu kingine. Ushuru wa stempu, ada ya usajili na kodi ni pesa za serikali, hulipwa benki au kwa simu kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na ofisi yenyewe, na hakuna sababu zipitie mfukoni mwa wakili. Mthamini ana lake. Nauli na malazi yalipaswa kusemwa mapema na kupatanwa. Tulipofika kwenye ufuatiliaji alianza kuzungukazunguka, akasema ni simu, ni vocha, ni chai ya watu, ni kupanga foleni. Bi mkubwa akamkatiza.

"Basi hiyo ndiyo isiyo ya mtu."

Hakurudisha shilingi. Hilo nalisema ili asije mtu akadhani tulishinda. Alikubali kwamba alichochukua kwa bi mkubwa kihesabiwe kuwa sehemu ya nusu ya ada niliyokuwa bado sijalipa, na mimi nikamrudishia bi mkubwa kiasi hichohicho palepale. Aliahidi kuandika mkataba kwa Kiswahili bila malipo, na aliandika, ingawa ulichelewa kuja na ulikuwa na makosa ya tahajia ambayo bi mkubwa aliyasahihisha kwa kalamu kabla ya kutia sahihi. Kontroli namba nilizilipa mwenyewe tangu siku hiyo. Ile kodi ya mwuzaji tuliigawana. Kisheria haikunihusu, na mhasibu aliniita mjinga, lakini mimi ndiye niliyekuwa nibaki na kwenda kisimani.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumechoka kama watu waliotoka msibani. Hatukupongezana. Njiani bi mkubwa alisema jambo moja tu, kwamba angemwuzia mchuuzi mmoja wa Pemba aliyewahi kuiulizia nyumba, wangehesabiana pesa mkekani na kumaliza. Nikamjibu kwamba na miaka kumi baadaye yule mchuuzi angekuta mtu mlangoni ana hati. Akafikiri, akasema, "Labda."

Hati ilichukua muda mrefu sana. Niliambiwa iko mezani kwa fulani, kisha kwa fulani mwingine, kisha fulani yuko likizo. Nilijifunza kwenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya wilaya nikitoka zamu ya asubuhi, nikakaa kwenye benchi na sare zangu, mpaka afisa akawa ananionea aibu. Ilipotoka niliisoma nikiwa nimesimama uani. Jina langu lilikuwa sahihi. Nilingoja nifurahi. Nilichohisi ni kama pale unapotua ndoo kichwani, shingo bado inauma.

Bi mkubwa alikuwa amekwisha hama. Aliyeshika rehani ya minazi alidai zaidi ya nilichomrudishia bibi, akaikomboa kwa kuongeza pesa ya nyumba, jambo ambalo hadi leo likinijia huniudhi, kwa kuwa pesa hiyo aliiweka kwa ajili ya kujengea chumba chake kule Bwejuu. Chumba kilijengwa kidogo kuliko alivyotaka. Mimi nami nilihamia upande wa mbele nikiwa na deni la chama na bila senti ya ukarabati. Nilipaka chokaa sebuleni kwa mkono wangu, nikasema mengine yatangoja.

Masika yalipoanza, mvua kubwa ya kwanza ilinikuta nyumbani, mchana, nimetoka kula. Maji yakaanza kuingia chumba cha pembeni, kwanza kwa matone, kisha kama bomba. Nilitafuta ndoo, beseni, sufuria, mpaka bakuli la uji. Nilikuwa napiga magoti nikikausha sakafu kwa kanga wakati simu ilipolia. Ilikuwa bi mkubwa, ananipigia kutoka Bwejuu, sauti inakatikakatika kwa upepo.

"Nesi, huko mvua imenyesha?"

"Shikamoo bibi. Inanyesha."

"Marahaba, mwanangu. Nimekumbuka sasa hivi. Bati la chumba cha pembeni linavuja. Nilisahau kukwambia."

Nikakaa chini, kanga mkononi, maji yananidondokea begani.

"Nimeshaliona, bibi," nikamwambia.